Kirukia na Mwenyeji Wake

Kizazi chetu kimerithi maneno mengi ya kumtukania mtu anayekula jasho la mwenzake. Wazee wetu walituachia kupe, walituachia mnyonyaji, walituachia na ile mirija iliyochorwa mdomoni mwa bepari mwenye kitambi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyapa maneno hayo heshima ya kitaifa. Siasa yenyewe imebadilika siku nyingi, lakini ukikaa kijiweni Mwanza au Dar bado utasikia mshikaji anaambiwa, "Wewe kupe tu, kila siku unachangiwa chai." Watu wanacheka, yanaisha.

Lakini kuna neno moja la ukoo huohuo ambalo sisi wa mjini hatulitumii sana, kwa sababu kitu chenyewe hatukitazami. Neno hilo ni kirukia. Ni mmea unaoota juu ya tawi la mti mwingine, ukapenyeza mzizi ndani ya mti huo na kunyonya maji yake. Jina linajieleza: ni kile kinachorukia. Hakikuanza chini kama wenzake, wala hakikupandwa na mtu. Kimerukia. Nimelisikia neno hilo likitamkwa juu ya mti, na nimelisikia likitamkwa juu ya mtu, mahali pamoja, katika mwezi mmoja. Ndiyo maana naandika.

Mahali penyewe ni wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, kijiji kimoja upande wa Nyakahura anakoishi mjomba wangu, mdogo wake mama. Ni kwenye ile barabara ya malori inayotoka Lusahunga kwenda Rusumo, mpakani na Rwanda. Ukiipita Nyakahura unaingia msitu mrefu, ule ambao miaka ya nyuma magari yalisubiriana ili yasindikizwe na polisi kwa kuhofia majambazi. Ukitokea upande wa pili uko Ngara. Ukienda huko mwezi wa nane, kiangazi kimekolea, utaona miti mingi imepukutika, nyasi zimeungua, vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu. Halafu juu kabisa ya mti mkavu unaona fungu la majani mabichi, la duara, kama kiota kikubwa. Mgeni atasema mti umeanza kuchipua. Mwenyeji atakwambia hapana bwana, hicho ni kirukia.

Hebu tukitazame kwanza chenyewe, kabla ya kukitumia kumtukana mtu.

Kirukia si kupe kamili. Kina majani ya kijani, kina klorofili, kinajitengenezea chakula kwa nguvu ya jua kama mgomba au mhindi. Kinachokosa ni ardhi. Hakina mzizi unaogusa udongo, kwa hiyo maji na madini yake kinayatoa ndani ya mishipa ya mti kilioukalia. Ili kuyavuta, majani yake hupoteza maji hewani kwa wingi kuliko majani ya mti wenyewe, na mara nyingi huendelea hivyo hata pale mti unapojaribu kubana matumizi. Ni kama mpangaji anayejipikia mwenyewe, hakuombi ugali, ila bomba la uani analiacha wazi usiku kucha na bili inakuja kwa mwenye nyumba.

Sasa, mmea wa namna hii unazaaje? Mbegu ya mhindi ikianguka chini inaota. Mbegu ya kirukia ikianguka chini imekufa. Lazima itue juu ya tawi, na si tawi lolote, na lazima ing'ang'anie hapo wakati upepo na mvua vinataka kuiangusha. Kazi hiyo mmea umempa ndege. Katika Afrika yetu, msambazaji wake mkubwa ni kitororo, ndege mdogo kuliko shomoro, ambaye pengine hujawahi kumwona lakini sauti yake umeisikia: tonk, tonk, tonk, kama fundi bati aliye mbali, asiyechoka. Kitororo anameza tunda la kirukia, analimenya ndani kwa ndani, na baada ya dakika chache anaicheua mbegu. Mbegu hiyo ina ute unaonata kama ulimbo. Haimtoki mdomoni kirahisi. Basi anaupangusa mdomo wake kwenye tawi, huku na huku, mpaka mbegu inabaki pale imeganda. Amejisafisha tu. Lakini amepanda shamba.

Mpaka hapo unaweza kusema kirukia ni mjanja, kila kitu kimekipangia sawa. La hasha. Kuota ni jambo moja, kuishi ni jambo lingine. Mbegu ile haihitaji udongo ili ichipue. Inaweza kuchipua hata juu ya waya au jiwe. Inatoa kijikono, kijikono kinapinda kutafuta gome, kinabana. Kama chini yake kuna waya, inakula akiba yake ikaisha, ikanyauka. Kama chini yake kuna mti, ndipo mti unapoanza kujibu.

Jibu la mti ndilo linalonishangaza zaidi katika habari hii yote. Tumezoea kudhani kwamba mnyonyaji ndiye mwenye maamuzi na mnyonywaji kazi yake ni kuvumilia. Kwa kirukia mambo siyo hivyo. Miti mingine gome lake ni nene na gumu, kijikono hakipenyi, hasa kwenye tawi lililozeeka. Miti mingine inakiacha kipenye, halafu inajenga ukuta wa seli kukizunguka na kukinyima maji mpaka kife. Mingine inapatana nacho, mishipa kwa mishipa, na hapo ndipo kirukia kinapokua, kinatoa maua, kinazaa. Hata ulimbo wa Ulaya, jamaa wa mbali wa virukia vyetu, umegawanyika kwa namna hiyo: kuna jamii inayokaa kwenye miti ya majani mapana, kuna inayokaa kwenye misonobari, na kuna nyingine ya miti ya mivinje ya baridi. Mmoja hamuudhi mwenyeji wa mwenzake.

Mwaka 2005 Lindy Roxburgh na Sue Nicolson walichapisha uchunguzi wao wa aina mbili za virukia huko Zambia. Walitaka kujua kwa nini kirukia kinajaa kwenye mti huu na kukosekana kwenye ule, wakati yote imesimama jirani. Walipima mambo mawili: kama mti na kirukia vinapatana, na mwenendo wa ndege anayebeba mbegu. Yote mawili yana uzito. Ndege analeta barua, mti unaamua kama utaifungua.

Halafu kuna suala la chakula. Migunga, ambayo ni mingi katika nyika za Kagera, hushirikiana na bakteria mizizini kupata naitrojeni kutoka hewani. Kirukia kinachokaa juu ya mti wa namna hiyo kinanywa maji yaliyotiwa mbolea. Mwaka 1994 watafiti watatu, Dean, Midgley na Stock, walieleza kuhusu usambaaji wa virukia Afrika Kusini, wakaonyesha kwamba wingi wa aina za virukia unaendana na kiasi cha naitrojeni kilichomo katika miti inayovibeba. Mti mnono, mgeni mnono. Mti wenye dhiki, mgeni naye anapata majani machache, maua machache, matunda machache. Mti ukifa, kinakufa nacho, hata kama kilikuwa kimejaa matunda mabichi.

Na maua yenyewe yanamhitaji ndege mwingine. Virukia vingi vya kwetu vina maua marefu kama njiti za kiberiti, mekundu au ya rangi ya machungwa, yanayokaa yamefumba mpaka aje chozi. Simaanishi chozi la kilio. Nasema yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayeng'aa kama mafuta juani. Anachomeka ncha ya mdomo kwenye upenyo wa ua, ua linafunguka ghafla, pa! linamwagia chavua usoni. Yeye anakunywa asali ambayo hakuna aliyemtangulia kuionja, kisha anaruka na unga wa mapenzi ya watu wengine kichwani. Frank Gill na Larry Wolf waliandika juu ya chozi na maua ya virukia nchini Kenya mwaka 1975, wakipima nishati ambayo ndege huyo anaipata na anayoitumia katika maua hayo. Chozi anapiga hesabu, bwana. Haendi penye maua mawili kama jirani kuna mti wenye maua mia. Kwa hiyo mti unaolisha kirukia vizuri unakiletea chozi wengi, chozi wengi wanaleta matunda mengi, matunda mengi yanamleta kitororo, na kitororo anapangusa mdomo wake palepale alipokulia. Ndiyo maana ukiona kirukia kimoja juu ya mti, mara nyingi ukitazama vizuri utaona cha pili na cha tatu.

Kwa ufupi, ndugu msomaji: kirukia hakizai kwa nguvu zake. Kinazaa kadiri mwenyeji wake anavyokiwezesha.

Nyumbani kwa mjomba kuna miparachichi mitatu. Mmoja uko nyuma ya nyumba, karibu na bafu, unapata maji ya kuogea mwaka mzima. Mwingine uko kilimani kwenye changarawe. Wa tatu uko mpakani na jirani. Wote una virukia, lakini si kwa kiasi kimoja. Ule wa bafuni virukia vyake vilikuwa vinene, majani yanang'aa, matunda yameshikana. Ule wa kilimani kilikuwepo kimoja kilichokonda, matunda ya kuhesabu. Ng'ambo ya mpaka kuna safu ya mikaratusi ya jirani, mirefu, minyoofu, na humo sikuona kirukia hata kimoja. Nimesoma kwamba huko Australia, kwao mikaratusi, mti huo hubeba virukia tele vya kwao. Ulipovushwa bahari kuja kwetu ulikuja kama mbegu tu, wageni wake ukawaacha nyumbani.

Mjomba alikuwa ameamua kuukata ule wa bafuni.

"Mjomba, huu mti unaukata kweli?" nilimwuliza.

"Umekwisha huu, mpwa wangu. Tazama juu. Mwaka jana tulipeleka parachichi Nyakanazi magunia, mwaka huu ndoo. Unalisha wageni."

Mkaza mjomba alikuwa anaanika maharage. Hakuinua kichwa.

"Baba watoto, mti huu ndio ulionunua daftari za watoto. Usiukate. Nipe panga, nipande mimi."

"Utaanguka."

"Nikianguka utaniokota."

Akapanda. Na hapa nataka mwandishi mwenzangu utulie kidogo, maana kazi aliyoifanya ni kazi ya elimu, siyo ya nguvu. Hakuvunja kirukia kwa mkono. Ukikivunja, mzizi wake unabaki ndani ya mti na unachipua tena. Alilifuata tawi, akalikata chini zaidi ya pale kilipojishika, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Alianza na virukia vyenye matunda mabichi, kabla hayajaiva na kumwita kitororo. Matawi makubwa yenye kirukia kimoja kidogo aliyaacha. "Tawi hili bado linazaa," alisema kutoka juu. "Nikilikata nimekuwa mimi mbaya kuliko kirukia."

Sasa lazima niseme habari ya mkaza mjomba, maana bila hiyo nitakuwa nimeandika somo la biolojia.

Alivuka daraja la Rusumo akiwa mtoto wa miaka sita, amebebwa na mtu ambaye hakuwa mama yake. Ilikuwa mwaka 1994. Wale mnaosoma historia mnajua kwamba tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule watu wapatao robo milioni walivuka pale katika muda wa saa ishirini na nne, wakikimbia mauaji Rwanda. Walikusanyika Benaco, Ngara, pahali palipokuwa na kambi ya kampuni ya ujenzi wa barabara, na kwa muda mfupi pakawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Zikafuata nyingine, Lumasi, Musuhura, na Lukole ya Warundi. Wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara. Serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 Desemba 1996, na Desemba ile barabara ikajaa tena, safari hii miguu ikielekea magharibi. Yeye hakuwa na wa kumfuata. Familia moja ya wakulima ilimchukua, ikamlea, ikampeleka shule. Miaka mingi baadaye mjomba akamposa kwa familia hiyo, mahari ikalipwa, ndoa ikafungwa kanisani mchana kweupe. Wana watoto watatu.

Wiki moja baada ya kazi ya panga, kulikuwa na maneno ya mpaka wa shamba. Maneno yenyewe yalikuwa madogo, ya mita chache za migomba, lakini yalikuja jioni, na wengine walikuwa wametoka kwenye rubisi. Mtu mmoja, sitamtaja wala sitasema ni nani kwake, aliwatazama wale watoto watatu waliokuwa mlangoni akasema, "Kirukia kilikuja kimoja. Sasa kimezaa."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alisimama. Mkaza mjomba akamshika mkono wa shati, akajibu yeye, kwa Kiswahili chake kisafi cha shule ya msingi ya Tanzania:

"Kirukia hakishiki jembe."

Akaingia ndani na watoto.

Jirani mwingine aliniambia baadaye kwamba neno lile si jipya. Huja na kuondoka kama maleria. Mwaka 2013, ilipopita operesheni ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya mpakani, neno lilirudi midomoni mwa watu. Likapoa. Likaja tena siku ya mpaka wa migomba.

Nimelifikiria neno lile kwa njia ya mti, kwa sababu aliyelisema alilitoa kwenye mti. Na nikilipeleka huko lilikotoka, linakataa kusimama.

Kwanza, kama ni habari ya kunyonya maji bila kushika ardhi, jibu la mkaza mjomba linatosha. Mtu anayepanda maharage, akapalilia, akavuna, akaanika, akapanda mti kwa panga kuokoa daftari za watoto, huyo ana mizizi chini. Hata mti wa bafuni alikuwa ameuokoa yeye, mwenyeji alikuwa ameshika shoka.

Pili, kuna jambo la miti iliyobaki. Kambi zile zilikuwa zinapika kwa kuni. Ilikadiriwa kwamba katika kilele cha wimbi lile kambi za Kagera zilikuwa zikichoma tani 1,200 za kuni kwa siku. Vilima vilibaki vipara, na mti mmoja mmoja ukabaki umesimama peke yake. Sasa rudi kwa kitororo. Msitu ukiwa mzima, ana matawi elfu ya kutua, na mbegu zinatawanyika. Mingi ya miti haipatani na kirukia, mbegu zinakufa. Msitu ukifyekwa, mti mrefu uliobaki peke yake juani unakuwa kituo cha kila ndege anayepita. Anatua, anapumzika, anapangusa mdomo. Basi mti huo unajaa virukia, na mpita njia anasema, "Tazama virukia vinavyoua mti." Haulizi miti mingine ilikwenda wapi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Ngara na Biharamulo wenyewe, na hapo sitaki kuwaonea wenyeji. Wilaya mbili za wakulima zilibeba mzigo ambao ulipaswa kubebwa na msitu mzima wa dunia. Visima vyao, kuni zao, zahanati zao, mihogo yao shambani, vyote viliguswa. Mtu aliyekuwa kijana wakati ule ana haki ya kukumbuka kwa uchungu. Lakini uchungu wa mti uliobaki peke yake unapaswa kumtafuta aliyefyeka, siyo mbegu moja iliyotua ikiwa na miaka sita.

Tatu, na hili ndilo linaniweka macho usiku: hata kirukia chenyewe hakistahili tusi tunalolitengeneza kwa jina lake. Majani yake yana madini mengi, na kinayaangusha bila kuyanyonya tena kama miti mingi inavyofanya, kwa hiyo udongo chini yake unapata mbolea. Kuna vipepeo wa Afrika ambao viwavi wao hula majani ya virukia na kuishi kwa hayo. David Watson na Matthew Herring, huko Australia, waliviondoa virukia vyote katika misitu kadhaa midogo na kuiacha mingine kama ilivyokuwa. Matokeo waliyachapisha mwaka 2012. Baada ya miaka mitatu, pale palipoondolewa virukia, aina za ndege zilikuwa zimepungua kwa kiasi cha moja ya tano, wakiwemo ndege ambao hata matunda ya kirukia hawayali. Kumbe mgeni alikuwa ameshikilia sehemu ya nyumba. Sisemi mkulima aache parachichi zake ziliwe. Mkaza mjomba alikata, na alifanya sawa. Nasema alichagua tawi gani na akaacha lipi, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mkulima na mwenye hasira.

Washikaji zangu mnaoandika, na mnaotaka kuandika: lugha yetu imejaa wanyama na mimea tuliyoigeuza kuwa matusi. Kupe, mbwa, nyani, mchwa, magugu, kirukia. Ni mali nzuri kwa mwandishi, maana inafika haraka. Hadithi yenye kupe ndani yake haihitaji maelezo. Lakini kabla hujakichukua kiumbe ukakitia mdomoni mwa mhusika wako, nenda ukakitazame. Kaa chini ya mti kutwa nzima kama una nafasi, uone nani anatua, nani anazaa, nani anaamua. Ukirudi mezani, au neno litakuwa limepata nguvu mpya, au litakuwa limekufa mkononi mwako, na vyote viwili ni faida.

Na kama mhusika wako ni mtu aliyevuka daraja, muulize pia wale waliompokea. Kirukia kinapata mwenyeji kwa bahati ya mdomo wa ndege. Mtoto yule wa 1994 alipata mwenyeji kwa sababu mwanamke mmoja wa Ngara, ambaye hakuwa na chakula cha ziada, alisogeza sahani. Huo haukuwa unyonyaji, wala haikuwa bahati ya ndege. Mtu alikubali. Kiswahili kina neno zuri sana kwa jambo hilo, na halitoki kwenye mti wala kwenye wadudu. Ni ulezi. Mtoto wake wa kwanza, yule aliyekuwa mlangoni siku ya maneno, sasa yuko sekondari. Masomo anayoyapenda, anasema, ni biolojia na Kiswahili, na likizo iliyopita alinionyesha daftari ambamo amechora tunda la kirukia likiwa limepasuliwa katikati, mbegu, ute na vyote, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu majina ya miti aliyoikuta ikikibeba katika kijiji chao. Orodha haijaisha. Ameacha nafasi chini.